Fimbo Mbili za Mbele

Water Valley, Mississippi
12 Aprili 2014

Dorsey amenunua boti! Yake mwenyewe, kaka, si ya kuazima wala ya kuchangia na mtu! Ya bati, rangi ya kijani, ina viti viwili vya kuzunguka, kimoja mbele kimoja nyuma, na mota ya umeme inayokwenda kimya kama paka jikoni. Iko hapa uani chini ya banda, inang'aa, haina hata tone la tope. Kila anayepita barabarani anapunguza mwendo aitazame, nami niko barazani kuhakikisha anapunguza.

Haya, sasa salamu. Hujambo Kaka Hosea? Mguu unaendeleaje? Sisi wazima. Goti langu bado linatangulia mvua kwa siku nzima, na sukari daktari anasema imetulia, ingawa sikumwambia kuhusu keki ya Jumatano. Pasaka nitaimba peke yangu mbele ya kwaya. Earline Boggan aliposikia alinuna mpaka mashavu yakaning'inia. Dorsey amepandishwa kiwandani, sasa anasimamia zamu nzima. Unakumbuka alivyozaliwa mkubwa mpaka nesi akaita wenzake waje kuona? Basi hajaacha. Miaka thelathini na moja, na milango bado anaingia ubavu.

Sasa jambo lenyewe. Yale mashindano ya kuvua samaki wa krapi ya kanisa letu la Shiloh, ile Jumamosi ya Agosti kabla ya Jumapili ya Kurudi Nyumbani, ndugu wa mbali wanaporudi kanisani, Dorsey anataka kuingia. Sharti ni lilelile: boti moja, watu wawili wa damu moja, kila mtu fimbo nne, na jamaa wa washindi ndio wanaotia samaki wa kwanza kwenye mafuta mbele ya kanisa zima. Wewe na Lutrell wangu mliingia kwa kuwa yeye alikuwa baba wa mpwa wako na mchungaji akafumba jicho. Tangu Lutrell afariki, miaka miwili sasa, wanaoshinda ni wana wa Earline. Nimechoka kupokea samaki kwa mkono wa Earline.

Damu ya karibu aliyobaki nayo mwanangu ni mimi na wewe. Mimi na maji tunajuana kwa kuoga na kupika tu. Basi njoo ukae kile kiti cha mbele. Hilo la kwanza.

La pili, nataka kumnunulia fimbo nane, zawadi yake ya kuzaliwa. Zile mlizokuwa mkikokotea wewe na Lutrell zilikuwa zako, ukaondoka nazo. Ninunue zipi? Niandikie kwa lugha ya mtu asiyejua, maana dukani zipo nyingi kama magugu na zote zinasema ndizo bora.

Dada yako akupendaye,
Ozella


Bemidji, Minnesota
3 Mei 2014

Dada Zella,

Barua yako imefika. Mimi mzima. Mguu umepona, theluji imeisha, ziwa limefunguka. Huku nao wanavua krapi, ila wakati wa baridi, kila mtu na kijifimbo chake juu ya tundu la barafu. Nyumba ya marehemu mke wangu inavuja upande mmoja. Nitaishughulikia. Mpongeze Dorsey.

Fimbo. Mwezi wa Agosti krapi anazama kwenye maji ya kina, hakufuati. Wewe ndiye unampelekea chakula. Ndiyo maana ya kukokota: boti inakwenda polepole kuliko mtu anayetembea kwa miguu, na nyuma ya kila fimbo kuna samaki wa plastiki mwenye ulimi mbele. Ule ulimi ndio unaomzamisha na kumtikisa.

Fimbo ziwe nane, lakini zisiwe sawa. Ziwe jozi nne: futi kumi na nne, kumi na mbili, kumi, na nane. Ndefu zinakaa mbele, fupi nyuma, ili mishipi ya mbele ipite nje ya ile ya nyuma, isisukane.

Ugumu. Mdomo wa krapi ni karatasi. Fimbo ngumu inamchana na unabaki na ndoana tupu. Fimbo legevu mno inapinda kwa uzito wa yule samaki wa plastiki peke yake, usione kitu. Tafuta ya katikati: ncha laini, kiuno kinachopinda, mkono imara. Na zote nane ziwe na ulaini wa aina moja, jicho lisichanganyikiwe.

Unasema boti haina hata tone la tope. Hilo sijalielewa. Boti ya Mississippi mwezi wa Aprili?

Usipige simu. Simu yangu haifai. Andika.

Kaka yako,
Hosea


Water Valley
11 Mei 2014

Kaka yangu,

Leo ni Siku ya Mama, Dorsey kanipikia mayai na soseji, akaunguza soseji, nami nikala zote nikasema sijawahi kuonja kama hizo. Hilo ni kweli. Maua kaleta makubwa kuliko ya mama yeyote pale kanisani, nimeyabeba mpaka ndani ya ibada ili watu wafurahi nami.

Kaka, barua yako ilichelewa. Mimi nilishanunua! Nilikwenda Batesville, nikamwambia muuzaji, "Nipe fimbo nane za kukokotea krapi, nzuri kuliko zote." Akanipa nane za zambarau, zote futi kumi, zinafanana kama majoho ya kwaya. Mimi nilifurahi. Nikazipanga sebuleni ukutani, nikawaita watu. Ndipo mtu wa posta akaleta barua yako kwamba zisiwe sawa! Nani ananunua seti ya kitu isiyofanana? Vikombe vinafanana, viti vinafanana. Dorsey alipoziona akasema, "Mama, ni nzuri sana," kwa ile sauti yangu ya kusifu soseji. Jana nilizirudisha.

Halafu hapo kwenye ulaini umenivuruga kabisa. Ngumu inachana, legevu haionyeshi, ya katikati ndiyo nzuri. Katikati ya nini na nini? Nilimkamata muuzaji nikamwambia nataka ncha laini, kiuno cha kupinda, mkono imara, akasema, "Mama, hapo unaeleza fimbo au mchumba?" Watu wote dukani wakacheka. Nami nikacheka, lakini sijajua nichukue ipi.

Na kuhusu kuja, hukuandika hata neno. Nimeigeuza karatasi nyuma, nimetazama ndani ya bahasha. Ukurasa mzima wa fimbo, halafu "usipige simu". Simu gani hiyo isiyofaa? Nimepiga Jumapili tatu, inaita, inaita, inaita. Inayoita si inafanya kazi?

Nitakuambia jambo, usikasirike. Kwenye mazishi ya Lutrell watu walisema umekuwa na majivuno. Earline alikuita mara mbili pale mlangoni, ukampita kama nguzo. Mimi nilikutetea, nikasema ni majonzi. Lakini hata mchungaji alipotaja jina lako useme machache, ulibaki umekaa. Kama kuna mtu alikukosea hapa, niambie jina tu, mengine niachie mimi.

Mambo ya tope usijali. Dorsey ni msafi.

Ozella


Bemidji
9 Juni 2014

Dada,

Nimechelewa. Nilikuwa nikiziba paa.

Hakuna aliyenikosea. Kuja sitaweza. Mgongo.

Fimbo unaijaribu hivi. Usiitikise hewani kama wanavyofanya dukani, kutikisa hewani hakusemi lolote. Pitisha mshipi kwenye vijipete vyote hadi nchani. Wewe ishike fimbo kwa ubavu, kama itakavyokaa kwenye kishikio cha boti. Dorsey ashike mwisho wa mshipi, aende mbali hatua nyingi, kisha atembee polepole akiuvuta huku akiutikisa kwa vidole viwili. Tazama ncha. Ikikuonyesha kila mtikiso wa vidole vyake, na fimbo ikapinda hadi nusu bila kufika mkononi, hiyo chukua. Ikikaa kimya kama mti, rudisha. Ikiinama kama mkia wa ng'ombe, rudisha.

Zile za futi kumi na nne zitakutesa. Nyingi za urefu huo zimetengenezwa kwa watu wanaosukuma chambo mbele ya boti, si kukokota nyuma. Zinakuwa ngumu mno au legevu mno. Usizikubali kwa sababu umechoka kutafuta. Fimbo za mbele ndizo zinazobeba boti nzima, maana ndizo zinafika kwanza mahali ambapo boti haijapita.

Sijauliza usafi wa Dorsey. Nimeuliza kama boti imeingia majini.

Hosea


Water Valley
22 Juni 2014

Kaka Hosea,

Mgongo! Baba yetu alikuwa na mgongo akavua mpaka wiki aliyokufa. Mwana wa Shangazi Rosetta ana mgongo na anacheza dansi. Haya, nimekaa kimya.

Wengine wazima. Matikiti yameanza kujaa, mwaka huu yatakuwa makubwa. Earline amekatwa nywele vibaya, sisemi zaidi kwa kuwa ni mwenzangu katika Kristo.

Tulifanya lile jaribio lako, na sijui kama tulilifanya sawa. Muuzaji alituruhusu nyasi za nyuma ya duka. Mimi nimeshika fimbo, Dorsey mwanangu, mwili ule, anatembea kinyumenyume huku vidole vinatikisa mshipi. Nikapiga kelele, "Tikisa kama samaki!" Akajibu, "Mama, natikisa!" "Huyo si samaki, huyo anatekenya mtu!" Gari zikasimama. Mzee mmoja akashuka akauliza kama kijana anahitaji msaada. Nikamwambia huyu ni meneja wa zamu.

Lakini kaka, nilikuja kuiona! Fimbo ya nne hivi, ncha ikaanza kupiga, tu-tu-tu-tu, kila kidole chake nikakihesabu kwa macho nikiwa nimesimama kule. Nikasema, huyo hapo! Tukapata jozi ya futi nane, jozi ya kumi na jozi ya kumi na mbili, zote dada wa tumbo moja. Za kumi na nne hatujapata. Tumekwenda Batesville, tumekwenda Grenada, Dorsey kaenda mpaka Oxford. Moja ngumu kama nguzo ya bendera, nyingine ukiinyanyua inalia. Muuzaji anasema chukua tu, nani atajua? Nikamwambia, kaka yangu atajua.

Sasa nikwambie ukweli wa tope, kwa kuwa umeuliza mara mbili. Boti ilikuwa haijaingia majini. Tangu ainunue pale Aprili, kila jioni akitoka kazini alikuwa anapanda juu yake hapa uani, anakaa kiti cha nyuma, anatazama kile cha mbele. Anakaa mpaka chakula kinapoa. Hajavua tangu tulipomzika baba yake. Nikimuuliza anasema anakagua nyaya. Nyaya gani za miezi miwili? Sikutaka kuandika kwa sababu nilishamsifu kwako.

Basi Jumamosi iliyopita nilivaa jaketi la kuelea juu ya gauni, nikapanda kiti cha mbele mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Twende, kabla sijabadili mawazo." Alinitazama, akacheka, akaunga boti kwenye gari. Tumeingia ziwani! Mwanamke wa miaka sitini na tatu! Nilipanga fimbo mwenyewe, jozi kwa jozi kama ulivyosema: mbili za kumi na mbili upande huu, mbili za nane upande ule, mbili za kumi huku katikati nikazibana. Sijui nini kilitokea. Tulipokata kona mishipi yote ikasukana ikawa kikapu. Samaki sita wa plastiki kwenye fundo moja. Dorsey alitumia asubuhi nzima akifungua, akasema tu, "Baba angekuwa amekwisharuka majini." Ndiyo mara ya kwanza amemtaja kwa kicheko.

Samaki hatukupata. Nimenunua vikengele vya kufunga kwenye ncha ili tujue akigusa, vya shaba, vinalia vizuri, nimechukua dazeni. Ila nina swali: kwa nini jozi zisukane kama ni jozi?

Na kiti kile ni chako, si changu. Mwisho wa kuandikisha majina ni wiki ya kwanza ya Agosti. Dorsey akikosa mtu anafutwa. Mimi sirudi tena, nilitapika kwenye kofia.

Ozella


Bemidji
10 Julai 2014

Zella,

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Jozi maana yake moja kulia na moja kushoto. Kama mikono. Ndefu moja kila upande, kisha inayofuata moja kila upande, hadi nyuma. Boti iwe kama ndege aliyefungua mabawa. Ulichofanya wewe ni kumpa ndege mikono miwili ya kushoto.

Mkikata kona, samaki wa plastiki wa upande wa ndani wanapungua mwendo na kuzama, wa nje wanaongeza. Kona iwe pana. Fimbo zikigongwa kwenye kona, kumbuka ni za upande gani. Krapi akila wa ndani, punguza mwendo. Akila wa nje, ongeza.

Tupa vikengele. Vyote. Fimbo ya kukokotea inatetemeka muda wote, kengele italia muda wote. Kazi ni ya macho. Ncha ikitetemeka sawasawa, samaki wa plastiki anaogelea vizuri. Ikitetemeka kwa uzito, amebeba jani. Ikinyamaza, amekwama au amejaa takataka, mtoe. Ikiinama na kurudi, krapi anaonja. Ikiinama isirudi, ni wake. Usiinyakue. Inua taratibu, weka wavu chini yake. Mtu anaweza kutazama ncha nane kwa mara moja akizoea. Hana haja ya kitu kingine chochote.

Usimpeleke tena mtoto na kofia yako.

Afadhali ameingia majini. Afadhali sana.

H.


Water Valley
20 Julai 2014

Kaka,

Kwetu wote wazima na leo sina habari za Earline.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani, kama ninavyosoma zote. Dorsey alikuwa anakula maharage. Nilipofika kwenye vikengele akaacha kijiko. Akasema, "Mama, rudia." Nikarudia. Akasema, "Mjomba Hosea ndiye aliyekuwa anafunga vikengele. Yeye! Baba alikuwa anavichukia. Na vile vigurudumu vya mshipi, kile kidude kinacholia tiki-tiki mshipi ukivutwa, Mjomba alikuwa anakiacha wazi makusudi. Alikuwa anasema anaweza kulala usingizi, na akisikia tiki-tiki anajua ni fimbo ya ngapi." Akainuka akaniletea barua zako zote kutoka kwenye droo ya unga. Akasema, "Tafuta humu mahali ambapo Mjomba anasikia kitu."

Nimetafuta, kaka. Fimbo, ncha, jicho, tazama, ona. Hakuna tiki-tiki. Hakuna hata mlango uliogongwa.

Ndipo nikakumbuka simu inayoita tu. Na Earline mlangoni. Na mchungaji akitaja jina lako. Na miaka yote ile kwenye mashine za kiwanda cha karatasi, ukirudi nyumbani unazungumza kwa sauti ya juu na mama anasema usinipigie kelele. Nikakaa pale na barua mikononi, nikasema mimi ni mpumbavu mkubwa, nimemwambia mtu ana majivuno.

Husikii, Hosea? Hata kidogo? Nijibu hilo, usiniandikie futi.

Niliona aibu kukuuliza hivi kwa karatasi, lakini kwa simu si ndiyo haiwezekani.

Sasa nikwambie alichofanya mwanangu, nawe useme kama kuna mwingine kama yeye. Jana alivaa yale makopo ya masikioni ya kuzuia kelele, ya kukatia miti kwa msumeno, chini yake pamba, akaenda ziwani peke yake. Peke yake, kaka! Mimi nilimkabidhi kwa Mungu na kwa walinzi wa ziwa, wote wawili. Alirudi jua likiwa limeinama, na krapi kwenye sanduku la barafu, si wengi, lakini wanono kama viatu vya Lutrell. Akasema kwa maneno yake: "Mama, huko kukokota masikio ni abiria tu. Kazi yote inafanywa na macho. Jambo moja tu lilinishinda, boti nyingine ikija nyuma sijui." Nikamwuliza basi? Akasema, "Basi mimi nitakaa nyuma. Nyuma ni yangu. Mjomba atazame mbele."

Fimbo za kumi na nne bado hatujapata. Ameweka zile za kumi na mbili mbele kwa muda, anasema boti inaonekana kama imekunja mabega.

Dada yako,
Ozella


Bemidji
28 Julai 2014

Dada Zella,

La kushoto limekufa kabisa. La kulia nasikia trela ikipita, kama iko karibu. Ilianza kabla ya Lutrell kufariki. Nilipokuja kuzika sikusikia hata wimbo mmoja. Nilikuona ukiimba.

Msimu uliopita boti ilinipigia honi hapa ziwani, nikaona tu watu wanarusha mikono. Tangu siku hiyo sijaingia kwenye boti. Sikutaka hilo limpate mtoto wa Lutrell akiwa na mimi, na kanisa zima likitazama kutoka ufukweni.

Yule kijana alikaa siku nzima na pamba masikioni kwenye joto la Julai?

Kuhusu fimbo. Usinunue za futi kumi na nne. Mwambie Dorsey aache kutafuta. Ninazo zangu mbili, zilezile nilizokuwa nikiziweka mbele, ziko juu ya dari ya gereji, nimezishusha jana nikazipangusa. Ncha zake ni nzima. Zinalingana na za kwenu kwa ulaini kama ulivyoeleza. Nimeuliza posta. Hata zikitenganishwa, ni ndefu, hawazipokei.

Hosea


Water Valley
2 Agosti 2014

Unakuja!

Hosea, mimi barua yako niliisoma mara tatu sikuelewa. Nikalia hapo kwenye masikio, nikalia tena hapo kwenye wimbo, halafu nikafika kwenye posta nikakasirika. Nikamwambia Dorsey, "Mjomba wako amekuwaje? Anatuambia tusinunue fimbo, anazo, halafu anatuambia hazitumwi kwa posta! Sasa zitafikaje?" Dorsey alikuwa anapaka mafuta vishikio. Akaanza kutabasamu, akasema, "Mama. Zitafikaje?" Nikasema ndiyo ninalouliza! Akasema, "Mtu atazileta, Mama." Nikakaa kwenye ndoo. Ilikuwa na maji.

Nimekwenda jioni ileile kwa mchungaji nikaandikisha: Dorsey Rayburn na Hosea Crump, mjomba na mpwa, damu isiyohitaji kufumbiwa jicho. Earline alikuwepo. Nimemwambia kaka yangu hasikii, na siku ile mlangoni hakumdharau mtu. Akasema ataleta pai yake ya pichi, ile anayoificha kila mwaka nyuma ya saladi asiile mtu asiyempenda. Akauliza, je, akiongea nawe inabidi asimame wapi? Nikasema mbele yako, na asifiche mdomo. Akasema mdomo wake hajawahi kuuficha. Hapo tulikubaliana.

Vikengele nimeshona kwenye aproni yangu ya kukaangia. Hutavisikia, lakini utaviona vikiruka.

Chumba chako nimetandika. Unga wa mahindi umechekechwa, mafuta yamenunuliwa, sufuria kubwa ya Lutrell nimeisugua mpaka inanionyesha sura. Mkishinda, wewe utatia samaki wa kwanza. Msiposhinda, Earline atatia, nami nitakula kwa mkono wake, nikiwa nimekaa kati yako na mwanangu, wala sitanuna sana. Dorsey ameacha vishikio viwili vya mbele vitupu. Zile za kumi na mbili amezirudisha mahali pake. Jana jioni alikaa tena kwenye boti hapa uani, nikatoka kumwita kwa chakula, safari hii alikuwa amekaa anapiga mluzi.

Endesha gari mchana tu, lala njiani, usibishane na mtu wa kituo cha mafuta. Fimbo zifunge juu ya gari kwa kitambaa chekundu nyuma. Binamu wa Memphis wanakuja, wa Shangazi Rosetta wanakuja, mchungaji na kwaya yote watakuwa ufukweni kabla jua halijachomoza, na Earline na pai yake. Boti zinaingia majini Jumamosi, tarehe kumi na sita Agosti.